Buti la Kupanda na Kushuka

Ukiingia duka la vifaa vya milimani mjini Innsbruck au Chamonix mwezi Novemba, kabla theluji haijakolea, utakuta ukuta mzima wa mabuti ya plastiki, ya manjano, ya machungwa, ya kijani kibichi, na mbele ya kila moja kikaratasi chenye namba. Uzito ni gramu kadhaa. Ugumu ni 110 au 120. Shingo ya buti inapinda nyuzi 60. Bei zinaanzia kama euro 400, na ya juu hukaribia 900 au kupita. Kila kinachopimika kwenye buti kimepimwa na kuandikwa. Mguu wa mnunuzi ndio ambao haujapimwa, na muuzaji mwenye haraka hatajisumbua kuupima.

Mabuti haya ni ya skii za milimani, yaani ule mchezo wa kupanda mlima kwa miguu yako mwenyewe bila kubebwa na kiberenge wala kiti cha kebo, kisha kuteremka kwenye theluji ambayo haijashindiliwa na mashine. Chini ya skii hubandikwa ukanda wa manyoya, ambao wenyewe huuita ngozi. Manyoya hulalia nyuma, hivyo skii husonga mbele lakini hairudi. Ukifika juu unaibandua ngozi, unaikunja na kuitia kwenye begi, unakaza buti, unashuka. Ni mchezo wa zamani katika nchi za Alps, na mwaka 2021 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliupitisha uingie kwenye Michezo ya Majira ya Baridi ya 2026 ya Milano na Cortina.

Msomaji wa Kiswahili asidhani mambo haya hayamhusu hata kidogo. Mwaka 1912 wapanda milima Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kilimanjaro na kuteremka sehemu ya Kibo kwa skii. Mwaka 1998 Philip Boit wa Kenya alishindana kule Nagano katika skii za nyika, na bingwa Bjørn Dæhlie wa Norwei akamsubiri kwenye mstari wa mwisho ampe mkono. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha Kenya Pyeongchang katika skii za mteremko. Na leo kuna wenzetu wanaoishi Zurich, Munich, Oslo, Denver na Calgary ambao kila Jumamosi ya Januari wanaalikwa na wafanyakazi wenzao waende mlimani, na swali la kwanza huwa ni la kiatu.

Boit na Simader wanatusaidia kuliona tatizo. Kiatu cha skii za nyika ni laini, chepesi, kisigino kiko huru, na ukikivaa unaweza kukimbia. Buti la skii za mteremko ni gumu na zito, mara nyingi zaidi ya kilo 2 kwa mguu mmoja, na limeubana mguu usicheze. Buti la skii za milimani linatakiwa kuwa yote mawili, tena kwa siku moja. Saa nne za kwanza linatembea. Dakika arubaini za mwisho linashuka. Watengenezaji wamehangaika na mgongano huo kwa miaka mingi, na kila buti lililoko ukutani ni jibu la mtu fulani kuhusu upande upi upewe zaidi.

Jibu lililobadilisha kila kitu lilitoka kwa Fritz Barthel, Mwaustria wa Tyrol, ambaye katika miaka ya 1980 alibuni kishikizo cha kufungia buti kwenye skii kisicho na bamba lolote la kuinuka na mguu. Pini mbili za chuma huingia kwenye vitundu viwili vilivyo pembeni mwa ncha ya buti, na pini nyingine mbili hushika kisigino wakati wa kushuka. Ukipanda, buti lenyewe ndilo bawaba. Kampuni ya Dynafit iliuchukua ubunifu huo, na leo karibu kila buti la kazi hii linatoka kiwandani likiwa na vitundu hivyo vya chuma. Kwa kuwa kishikizo kilipungua uzito kiasi hicho, macho ya watengenezaji yakahamia kwenye buti, na mashindano ya gramu yakaanza.

Uzito ni jambo la kweli. Kuna mabuti ya mashindano yenye gramu 700 au pungufu, ambayo ukiyanyanyua dukani unadhani wamesahau kutia kitu ndani. Kuna mepesi ya safari, gramu 1,000 hadi 1,200. Kuna ya kati, 1,200 hadi 1,450 hivi, ambayo ndiyo yanayowafaa watu wengi. Halafu kuna ya wale wanaopanda kwa sababu tu ya kushuka, gramu 1,500 hadi 1,800. Wapanda milima wamekuwa wakisema kwa muda mrefu kwamba kilo moja mguuni ni sawa na kilo tano mgongoni, na watafiti wa majeshi walipopima nguvu zinazotumiwa na askari anayetembea walipata mara nne hadi sita. Muuzaji atakutajia hesabu hiyo, na si uongo. Ila askari yule alikuwa akinyanyua kiatu kizima kila hatua. Mtu wa skii haunyanyui mguu. Anauburuza juu ya theluji, kisigino tu ndicho kinachopanda na kushuka. Uzito bado unachosha, hasa kwenye kona za kugeuzia skii ambapo mguu lazima uinuke, lakini ile namba ya tano haiwezi kuhamishwa kama ilivyo.

Kuna jambo jingine ambalo kikaratasi hakilisemi. Gramu 200 ulizopunguza zimetoka mahali. Zimetoka kwenye unene wa ganda, kwenye povu la ndani linalokinga baridi, kwenye bizimu ya nne au ulimi wa plastiki. Mwenye buti la gramu 1,000 akishuka kwenye theluji iliyoganda na kuvunjikavunjika, huku mgongoni ana begi la kilo 12, ataijua thamani ya kila gramu iliyoondolewa. Kwa mtu anayeanza, ambaye mapafu yake bado hayajazoea na ambaye kushuka ndiko kunakomtia hofu, mimi ningempa buti la kati bila kusita, hata kama rafiki yake mwenye miaka kumi mlimani anavaa jepesi zaidi.

Lakini uzito ni mjadala wa pili. Wa kwanza ni saizi, na hapa ndipo fedha nyingi zinapotea.

Mabuti ya skii hayatumii namba za viatu vya kawaida. Yanatumia kipimo kiitwacho Mondopoint, ambacho ni urefu wa mguu wako kwa sentimita. Mguu wa milimita 265 ni 26.5, basi. Mtu anayevaa 42 madukani huwa karibu na 26.5 au 27, ila asiikariri hiyo, maana kila kampuni ya viatu vya kawaida ina 42 yake. Upimwe jioni, kwa sababu mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Usimame, kisigino kikigusa ukuta na uzito wote ukiwa juu ya mguu unaopimwa, kwa sababu mguu uliobeba mwili hurefuka kwa milimita kadhaa kuliko mguu wa mtu aliyekaa kitini. Ipimwe miguu yote miwili. Mara nyingi haifanani.

Kisha ujue siri ndogo ya viwandani. Kampuni nyingi hutengeneza ganda moja kwa kila sentimita, si kwa kila nusu. Buti la 26 na la 26.5 ni plastiki ile ile. Kinachotofautiana ni unene wa povu la ndani au soli iliyotandikwa. Kampuni nyingine hupanga nusu zake kwa namna nyingine, kwa hiyo ni vizuri kuuliza. Anayetoka kwenye 26.5 kwenda 27 akidhani ameongeza kidogo tu huenda ameruka ganda zima.

Sasa jaribio lenyewe, ambalo fundi asiyelifanya hafai kulipwa. Buti la skii lina sehemu mbili: ganda gumu la nje, na buti laini la ndani ambalo huchomolewa. Lichomoe. Vaa soksi moja nyembamba, ingiza mguu kwenye ganda tupu, usogeze mbele mpaka vidole viguse plastiki kwa mbali, bila kukunjika. Piga goti kidogo. Hapo fundi anachutama nyuma yako, anamulika kwa tochi na kuangalia nafasi iliyobaki kati ya kisigino na ganda. Wengine wana vijiti vya mbao vyenye unene unaojulikana, wanavitumbukiza kimoja kimoja mpaka kimoja kikwame. Nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 ndiyo inayotakiwa na watu wengi wa milimani. Mkimbiaji wa mashindano atakubali pungufu ya hapo. Ikifika 2 umeanza kuogelea, na ikipita 2 rudisha buti ukutani hata kama ni zuri kiasi gani, hata kama limepunguzwa bei nusu.

Rudisha buti la ndani, vaa tena. Mara ya kwanza utasema ni dogo. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele, na silika yako ya miaka yote ya kununua viatu inakuambia uombe saizi inayofuata. Ngoja. Gonga kisigino sakafuni mara mbili tatu ili kirudi nyuma kwenye mfuko wake, funga bizimu kuanzia za kifundo cha mguu, kisha piga magoti, sukuma muundi dhidi ya ulimi wa buti. Vidole vinarudi nyuma, vinapata pumzi. Hapo ndipo ulipaswa kulipima. Baada ya dakika ishirini au thelathini dukani, povu limeanza kupata joto la mguu na kuachia, na sasa unaweza kusema kitu chenye maana: unabanwa wapi, na kiasi gani.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Kwa sababu maumivu ya buti kubwa hujifanya ni maumivu ya buti dogo. Kisigino kisicho na nafasi yake hupanda milimita chache kila hatua. Kwenye kupanda mita 1,000 hizo ni hatua maelfu, na lengelenge la kisigino linaanza kabla hujafika nusu ya njia. Mtu anakaza bizimu ili kisigino kitulie. Bizimu zile zinakandamiza mgongo wa wayo, mahali ambapo mishipa ya damu na ya fahamu inapita karibu sana na ngozi, na muda si mrefu vidole vinakufa ganzi na kuanza kupata baridi. Wakati wa kushuka mguu unateleza mbele na kidole gumba kinagonga plastiki mpaka ukucha unakuwa mweusi. Jioni anajitazama: kisigino kimechubuka, mgongo wa wayo unauma, ukucha umekufa. Anahitimisha kwamba buti linambana. Anaenda kununua kubwa zaidi.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Muuzaji anaweza kuona na kupima, hawezi kuhisi, kwa hiyo jifunze kumweleza kwa usahihi. "Linauma" halimsaidii kitu. "Linagusa mfupa wa nje wa kifundo ninapopinda goti, siyo ninaposimama" inamwambia karibu kila anachohitaji.

Baada ya urefu unakuja upana, na hapa kuna jambo ambalo wengi wetu tunapaswa kulijua kabla ya kuingia duka la Ulaya. Watengenezaji hutaja upana wa ganda sehemu pana ya wayo, kwa kawaida kati ya milimita 98 na 103 kwa saizi ya mfano ya 26.5. Ganda la 26 na la 29 yenye namba moja ya upana hayana upana sawa, maana ganda linakua na saizi. Utafiti uliofanywa kwa watu waliokua bila kuvaa viatu, kwa mfano India, umeonyesha kuwa mguu wao huwa mpana zaidi mbele, vidole vikiwa vimetawanyika. Mtu aliyecheza utotoni pekupeku Moshi au Kisii, kisha akahamia Bern, anaweza kuwa na kisigino cha kawaida au chembamba na mbele ya wayo pana. Dukani ataambiwa achukue saizi kubwa ili upana utoshe. Huo ni ushauri mbaya. Upana utatosha, lakini kisigino kitaelea, na yale niliyoeleza hapo juu yatamkuta yote. Anachotakiwa kufanya ni kuchukua ganda la urefu wake katika mtindo wenye 102 au 103, au hata la 100, kisha lipanuliwe pale mbele tu.

Kupanua ganda ni kazi ya fundi, na ni kazi ya kuangalia kwa macho. Anaweka alama ya rangi kwenye mfupa uliotokeza, tuseme ule wa kando ya kidole gumba, mteja anavaa, alama inaachwa upande wa ndani wa ganda. Plastiki inapashwa kwa bomba la hewa moto hadi ilegee, kisha kifaa cha chuma chenye kichwa cha mviringo kinasukuma kutoka ndani, na ganda linaachwa lipoe likiwa limesukumwa hivyo. Milimita tatu au nne mahali panapostahili zinaweza kugeuza buti la mateso kuwa buti usilolikumbuka mguuni. Ila plastiki hazifanani tabia. Polyurethane, ambayo ni nzito na hutumiwa zaidi kwenye mabuti ya mteremko, hukubali kirahisi. Grilamid, ambayo ni aina ya nailoni nyepesi na ngumu na ndiyo inayopendwa sasa kwa mabuti ya kupandia, inahitaji joto la kupimwa vizuri na ina tabia ya kurudi ilikotoka, kwa hiyo fundi husukuma zaidi kidogo kuliko anachotaka. Ganda lililochanganywa na nyuzi za kaboni sehemu ya chini karibu haliguswi. Na karibu na vile vitundu vya pini hakuna fundi mwenye akili atakayepasha moto. Ukiwa na mguu wenye matatizo, buti jepesi kuliko yote lenye kaboni si lako, na ni afadhali uambiwe hivyo kabla ya kulipa.

Kanuni ya mafundi ni fupi: ganda dogo hupanuliwa, ganda kubwa halipunguzwi. Unaweza kubandika povu, kuongeza soli, kuvaa soksi mbili, lakini unachofanya ni kuziba pengo kwa kitu laini ambacho kitasinyaa. Soksi mbili, kwa njia, ni kosa lenyewe. Zinasuguana, zinakunjamana, zinabana damu. Moja nyembamba ya sufu laini inatosha hata kwenye baridi kali.

Buti la ndani nalo lina yake. Mengi sasa ni ya povu linalofinyangwa kwa joto, na kampuni ya Intuition ya Vancouver ni miongoni mwa zilizojijengea jina kwa hilo. Linatiwa kwenye oveni maalumu, nyuzi joto zaidi ya 100, kwa kama dakika kumi. Wakati huo vidole vyako vinavikwa kofia ya kitambaa kizito, vipande vidogo vya povu vinabandikwa kwenye mifupa ya kifundo, kisha unavaa, unafunga bizimu nyepesinyepesi na kusimama bila kucheza mpaka lipoe. Likitoka hapo lina umbo la mguu wako pamoja na nafasi ndogo za kupumulia. Kabla ya hapo, soli ya kutandika ndani iwe imeshapatikana, kwa sababu ndiyo inayoshika tao la wayo lisidondoke. Tao likidondoka mguu unarefuka na kupanuka, na vipimo vyote vinabadilika. Ile soli inayokuja na buti kutoka kiwandani kwa kawaida ni kipande cha povu kisicho na kazi. Ukiwa na fedha ya ziada kidogo, itie hapo kabla ya kuitia kwenye gramu.

Povu hili linapungua unene kwa matumizi. Ndiyo maana buti lililokuwa sawasawa kabisa dukani, bila kubana popote, baada ya msimu mmoja linakuwa pana, na ndiyo sababu fundi mzuri anakuuzia kitu kinachobana kidogo mahali pote kwa usawa. Kubana kwa usawa ni dalili njema. Kubana sehemu moja ni kazi ya kurekebisha.

Kuhusu ugumu nitasema machache, kwa sababu namba zake hazistahili heshima zinazopewa. Hakuna chombo huru kinachopima ugumu wa mabuti. Kila kampuni inajiandikia, na 120 ya mmoja inaweza kuwa 110 ya mwingine. Plastiki huongezeka ugumu kwenye baridi, hivyo buti la dukani lenye joto la nyuzi 22 si lile la mlimani. Mtu wa kilo 60 anayeshuka taratibu hana haja ya 130. Mtu wa kilo 95 mwenye begi atalipinda la 100 kama kandambili. Nyuzi za shingo kupinda wakati wa kutembea nazo hutajwa kwa majivuno, 60, 70 na zaidi, lakini hupimwa ganda likiwa tupu. Likivalishwa buti la ndani na mguu wa mtu, nyingi zinapotea. Tembea nalo dukani, panda ngazi, uone kama linakuzuia.

Wanawake wanapaswa kutazama jambo moja zaidi. Msuli wa shavu la mguu wa wanawake wengi huanzia chini kuliko wa wanaume, hivyo shingo ndefu ya buti inaukandamiza na kumsukuma mvaaji mbele kupita kiasi. Mabuti ya kike yanayostahili jina hilo yana shingo fupi na pana zaidi juu. Mengine ni yale yale ya kiume yaliyopakwa rangi nyingine, na mwanamke mwenye nguvu au mwenye mguu mrefu asione haya kuchukua la kiume likimkaa.

Baada ya mguu kuridhika ndipo unapouliza kama buti litafanya kazi na vifaa vyako. Chukulia Haute Route, ile safari ya siku sita au saba kutoka Chamonix hadi Zermatt. Siku ya mwisho, kutoka kibanda cha Vignettes, unavuka Col de l'Evêque, unateremka, kisha unafika chini ya Col du Mont Brulé, ambako kwa kawaida skii hufungwa kwenye begi na watu hupanda kwa kuchimba ngazi kwa ncha ya buti. Baadaye kuna Col de Valpelline, zaidi ya mita 3,500, na mteremko mrefu wa barafu unaopita chini ya Dent d'Hérens na Matterhorn hadi Zermatt. Kwa siku hiyo buti linahitaji soli ya mpira yenye makucha, na pengine yale meno ya chuma yanayofungwa chini yake kwenye barafu ngumu. Meno ya aina nyingi hushika kwenye ukingo uliotokeza mbele ya soli, na baadhi ya mabuti mepesi yameuondoa ukingo huo ili kupunguza uzito na kurahisisha hatua. Ukilinunua la namna hiyo, meno yako ya zamani huenda yasifunge.

Vivyo hivyo kwa vishikizo. Soli za skii za mteremko zina kiwango chake cha kimataifa, ISO 5355, na za skii za milimani zina ISO 9523. Kishikizo cha kawaida cha mteremko kilichotengenezwa kwa cha kwanza hakitaachia inavyotakiwa kikishikishwa buti la cha pili, na mguu ndio utakaolipa. Wapo watu wanaotaka buti moja kwa mlima na kwa uwanja wa skii wenye viti vya kebo. Inawezekana, ila waangalie kishikizo chao kimeidhinishwa kwa soli gani. Urefu wa soli kwa milimita umechorwa pembeni mwa kisigino. Fundi anayerekebisha kishikizo huusoma huo, hakisii kwa saizi.

Baridi ni habari ya damu kuliko ya unene wa buti. Wakati wa kupanda acha bizimu za mbele wazi au zimeshikwa kidogo tu, damu ipite. Kaza kabla ya kushuka tu. Ukifika kwenye kibanda jioni, chomoa buti la ndani likauke, kwa sababu povu lililolala na jasho litaganda asubuhi. Lakini usilisogeze kwenye jiko la kuni. Lilifinyangwa kwa joto, na kwa joto litafinyangika tena, safari hii bila mguu wako ndani.

Mabuti ya mitumba yapo mengi, hasa mwezi wa Aprili na Mei watu wanapouza vifaa vya msimu uliopita, na sioni ubaya wake. Chunguza vile vitundu vya pini: kingo zikiwa zimelika na kuwa za mviringo, liache. Tazama nyufa kuzunguka ribiti za kifundo. Soli iliyolika pembeni hadi plastiki haina thamani. Buti la ndani la mtu mwingine lina umbo la mguu wa mtu mwingine, kwa hiyo weka kwenye hesabu bei ya jipya. Na lile jaribio la ganda tupu ni lile lile, hata kama unanunulia sebuleni kwa mtu.

Kama ni msimu wako wa kwanza, kodi. Maduka ya miji mingi ya Alps yanakodisha mabuti haya kwa siku au kwa wiki, na siku chache kwenye mabuti mawili matatu tofauti zitakufundisha mguu wako unataka nini kuliko kusoma vikaratasi mwezi mzima. Ukija kununua, tafuta fundi kwanza, chapa baadaye. Mpigie simu umuulize swali moja: utachomoa buti la ndani na kupima nafasi ya kisigino kwenye ganda tupu? Akisema hakuna haja, tafuta mwingine.